Bainokula ya Kariakoo ya laki na themanini: naitumia kwa ndege na kwa kesi, haya ndo maoni yangu

Naanza na bei maana najua ndo kitu cha kwanza mnachotaka kusikia: laki na themanini, Kariakoo, baada ya kuvutana kutoka laki mbili na nusu. Ni bainokula (darubini ya macho mawili) ya Kichina, 8x42, mwili umevishwa raba nyeusi, uzito kama robo tatu ya kilo. Jina la kampuni sitaji kwa sababu halina maana yoyote, ukienda mwezi ujao utakuta mashine ileile imo kwenye boksi lingine yenye jina lingine na picha ya simba. Angalia namba, achana na jina.

Mi ni wakili, kesi zangu nyingi ni za mazingira, na kabla ya uwakili nilikuwa mtoto wa Amani kule Muheza, yule anayetumwa kuni saa nane anarudi magharibi mikono mitupu kwa sababu kasimama njiani anaangalia hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa. Kwa hiyo hiki kifaa nakitumia sehemu mbili ambazo watu wanadhani hazikutani, porini na kwenye mafaili, na maoni yangu yatachanganya zote mbili. Anayetaka ya ndege tu avumilie kidogo, na wadogo zangu wa sheria mnaoniulizaga "dada nifanyeje niwe mwanasheria wa mazingira" hapa ndo jibu lenu lilipo, mtalikuta njiani.

Tuanze dukani. Kariakoo ukisema unataka darubini kitu cha kwanza utaletewa ni lile dubwana la 20x50 lenye vioo vyekundu. Muuzaji akaniambia kabisa, "Dada angu hii unasimama Kigamboni unaona Zanzibar, na hivi vyekundu ni vya usiku." Sasa hapo ndo pa kuwa makini. Ule wekundu hauna uhusiano wowote na usiku, ni koting (utando uliopakwa kwenye kioo) ya bei rahisi inayorudisha nje mwanga mwekundu, yaani inakupunguzia mwanga badala ya kukuongezea, na ukiangalia kitu kupitia pale rangi zote zinakuwa za kibluu-kijani kama tv mbovu. Kwa ndege rangi ndo kila kitu. Na kwa maji machafu pia, nitafika huko.

Kwenye 8x42 au 20x50, namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinasogezwa, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Watu wanaona 20 ni kubwa kuliko 8 basi ni bora. Hapana. Mkono wa binadamu unatetemeka, na ukikuza mara 20 na mtetemeko wako unakuzwa mara 20, utaona ndege anacheza kwaito. Mara 8 unashika kwa mkono bila stendi na picha inatulia. Afu gawanya ya pili kwa ya kwanza: 42 gawa kwa 8 unapata 5 na kitu, hiyo ndo milimita za duara la mwanga linaloingia kwenye jicho lako, na mboni ya jicho la mtu mzima saa za jioni inafunguka karibu na hapo. Lile dubwana 50 gawa kwa 20 ni 2 na nusu tu. Ndo maana mchana wa jua kali linaonekana zuri, jua likizama linakuwa giza, halafu mwenzio kakwambia ni la usiku.

Kabla hujatoa hela fanya hivi palepale dukani, usione haya, hata kama foleni nyuma inakusonya. Shika bainokula mbele yako urefu wa mkono, uielekeze kwenye mwanga, uangalie vile viduara viwili vya mwanga kwenye vioo vya macho. Vikiwa duara kamili hadi ukingoni, prizimu zake (vile vipande vya ndani vinavyopindisha mwanga) ni za kioo kizuri. Vikiwa na pembe za kijivu kama karata ya uru, ni kioo hafifu, shusha bei au ondoka. Halafu toka nje ya duka, chagua waya wa umeme au maandishi ya bango la mbali, uangalie kwa macho yote mawili kama dakika mbili. Picha mbili zikigoma kuungana, au ukahisi jicho linavutwa, iache, hata akikuapia kwa mama yake. Hiyo imepigwa mahali ikapinda ndani na hapa mjini hakuna fundi wa kuinyoosha kirahisi. Niliyochukua ilikuwa ya tatu kujaribiwa katika duka hilohilo, mbili za mwanzo zilikuwa za modeli ileile na zote zimepinda. Hii bei hainunui uhakika kwamba kila moja ni nzima, hilo mlijue.

Na ile ringi ndogo ya jicho la kulia, wengi hawaijui, wanaitumia bainokula mwaka mzima ikiwa haijasetiwa. Funga jicho la kulia, weka fokasi na lile gurudumu la katikati kwa jicho la kushoto, afu funga la kushoto, zungusha hiyo ringi mpaka la kulia lione vizuri. Basi, umemaliza, usiiguse tena. Yangu ringi imekaza vizuri, haihami hovyo begini.

Haya, matumizi. Naipeleka sana Kunduchi, kwenye mashamba ya chumvi, maji yakiwa yanapwa. Kuanzia kama Septemba mpaka Aprili kunakuwa na ndege wageni, sululu na chamchanga waliotoka kuzaliana kaskazini kabisa huko Urusi na Skandinavia, wanakuja kula kaa na minyoo kwenye tope letu. Kwa macho matupu ni vijiti vinavyotembea. Kwa hii bainokula nimemuona sululu anamtoa kaa shimoni, anamtikisa mpaka magamba na miguu inamwagika, anammeza kiwiliwili kitupu, halafu anausuuza mdomo wake kwenye maji. Umbali wa kama uwanja wa mpira, na nimeona mpaka tone likidondoka. Kwa laki na themanini sina malalamiko. Dhidi ya jua la saa sita kuna ukungu mweupe kidogo pembezoni mwa picha, na rangi ya zambarau inaonekana kwenye ukingo wa ndege mweupe kama yangeyange, mashine za milioni mbili hazina hiyo. Mi naweza kuishi nayo.

Kunguru pia utawaona wengi kuliko unavyotaka. Hao weusi wenye shingo ya kijivu si wa kwetu, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kutoka India ili wale takataka, wakahamia bara, sasa wanakula mayai na vifaranga vya ndege wengine. Serikali kuleta suluhisho la taka ambalo linageuka tatizo, hiyo stori hapa mjini ni ndefu.

Maana hapohapo Kunduchi, upande wa Mtongani, kuna sehemu ya historia ya sheria yetu ambayo wanaopita kwenda bichi hawaijui. Mnajua kituo cha Tabata Dampo? Konda anaita "Dampo Dampo" watu wanashuka, dampo lenyewe halipo. Lilikuwepo. Jiji lilikuwa linamwaga taka Tabata, moshi na harufu na nzi, wakazi wakachoka wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1988, kesi ya Joseph Kessy na wenzake. Wakashinda. Jiji likawa linarudi mahakamani kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga, linaongezewa, linarudi tena, mpaka Jaji Lugakingira akasema inatosha. Akaandika kwamba hajawahi kusikia popote mamlaka ya umma inakwenda mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akaegemea ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi, kwa sababu enzi hizo hatukuwa hata na sheria ya mazingira ya kueleweka. Sasa jiji likapeleka wapi taka? Kunduchi Mtongani. Na wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, kesi ya Festo Balegele na wenzake zaidi ya mia saba, nao wakashinda. Taka zikahama tena, na zikaendelea kuhama, leo ziko Pugu Kinyamwezi.

Mi hizo hukumu nilizisoma nikiwa mwaka wa pili chuo, na nawaambia ukweli mpaka hapo sheria ilikuwa inaniboa vibaya mno, mikataba, ardhi, jinai, nilikuwa nasoma kwa sababu mzee alishalipa ada. Zilivyokuja hizo mbili nikaona kumbe kuna watu wa kawaida kabisa, hawana cheo, wamesimama mbele ya jaji wakasema moshi huu unaingia kwa watoto wetu, na lori likasimama. Mtu aliyekulia Amani anaelewa hilo haraka. Sisi pale tumezaliwa kati ya chai na msitu, bustani ya miti ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na msitu ukatangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, ya kwanza nchini ya aina hiyo. Baba alikuwa kiwanda cha chai. Mstari kati ya chai na msitu tulikuwa tunaujua kwa miguu, unatoka kwenye joto unaingia kwenye baridi hatua mbili tu. Nilidhani umewekwa na Mungu. Kumbe kuna karatasi, kuna tangazo la serikali, kuna mtu alikaa ofisini akauandika, na mwingine anaweza kukaa ofisini akaufuta. Siku nimelijua hilo ndo mapenzi ya hondohondo yakaanza kuwa kazi.

Tena hata huyo hondohondo si malaika. Pale Amani kuna mti mgeni, Maesopsis, ulipandwa ukashamiri, na msambazaji wake mkuu ni yeye, anakula tunda anaangusha mbegu katikati ya msitu wa asili. Nawaambia wadogo zangu wanaokuja na lugha ya "kutetea viumbe", ukishapenda kiumbe mjue vizuri kwanza, maana mahakamani utaulizwa.

Sasa darubini kazini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004, kifungu cha 4 kinasema kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, cha 5 kinamruhusu aende kuidai, na kipo cha 57 kinachokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, ukingo wa mto au ziwa. Mita 60 inaonekana rahisi ukiwa mezani. Nenda kwenye mikoko sasa, tope mpaka magotini, mwenye eneo kaweka geti na mbwa. Hapo unarudi nyuma, unapanda kwenye tuta la barabara, unatoa bainokula, unaona nguzo zimechimbiwa wapi, maji yakijaa yanafika wapi, mikoko imekatwa lini (kisiki kibichi ni chekundu, cha zamani kijivu, na ndo maana nilisema vile vioo vyekundu vinavyoharibu rangi havifai). Haitoshi kuwa ushahidi peke yake, kupima anapima mpimaji, maji anachukua mtaalamu na kupima Mkemia Mkuu wa Serikali. Ila inakwambia umpeleke mpimaji upande gani. Bila hivyo mteja analipa siku nzima ya watu kutembea.

Na mkumbuke ushahidi wa mdomo lazima uwe wa moja kwa moja, aliyeona aje aseme aliona. Shahidi aliyeona kwa darubini ameona. Lakini wakili msomi wa upande wa pili atamsulubu: ulikuwa umbali gani, jua lilikuwa upande upi, hiyo darubini ni aina gani, inakuza mara ngapi, unaweza kutuletea? Kwa hiyo risiti yangu ninayo, boksi ninalo, na mashahidi wangu nawafundisha kuandika saa na mahali waliposimama kabla hawajaandika walichokiona. Ni tabia ya watu wa ndege hiyo, daftari kwanza. Pale Kariakoo ukitaka risiti ya EFD hakikisha unakatiwa wakati unalipa, ukirudi kesho utaambiwa mashine mbovu.

Lakini kazi kubwa ambayo upenzi wa ndege umenisaidia wala si uwanjani, ni kwenye ripoti. Mradi mkubwa lazima ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, ile watu wanaita EIA, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, wanaipitia. Ripoti inakuja kurasa mia tatu, mwanasheria wa kawaida anaruka sura ya viumbe anaenda kwenye hitimisho. Mi naanza na orodha ya ndege. Kuna moja ilinipitia mkononi, mradi wa pwani, eneo la mikoko na chumvi, nikakuta kwenye orodha kuna hondohondo wa milimani na vindege vya msitu wa baridi, na sululu hayumo hata mmoja, na chamchanga hayumo. Ukanda wa tope wa Bahari ya Hindi bila chamchanga! Yaani mtu kachukua orodha ya mradi wa Usambara kabandika. Hapo hubishani tena kuhusu maoni, unauliza swali dogo tu kwenye kikao: mheshimiwa mtaalamu, huyu ndege mmemuona lini na saa ngapi, nani alimuona? Kimya. Na kama ndege ni wa kunakili basi vipimo vya maji navyo tuvitazame upya, na mahojiano ya wananchi nayo, na kila kitu kinaanza kufumuka kama sweta.

Hicho ndo nataka wadogo zangu mkielewe. Kesi ya mazingira karibu yote inageukia kwenye swali moja, hapa palikuwa na nini kabla. Mto ulikuwa na samaki gani, mikoko ilifika wapi, chura alikuwepo au hakuwepo. Kumbukeni chura wa Kihansi, ambaye anazaa vichura vilivyokamilika badala ya viluwiluwi, alikuja kugunduliwa mwaka 1996 wakati bwawa la umeme limeshaanza kujengwa, na dunia nzima anaishi kwenye korongo moja tu lenye manyunyu ya maporomoko. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua, mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini, wakabaki waliokuwa wamepelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani, mpaka walipoanza kurudishwa mwaka 2012. Kama hujui palikuwa na nini huwezi kudai kilichopotea. Na anayejua palikuwa na nini mara nyingi si mwanasheria, ni mvuvi, ni mchungaji, ni yule mtoto aliyechelewa na kuni. Ukiwa mwanasheria na pia ni yule mtoto, umewazidi wenzako kitu ambacho chuo hakifundishi.

Njia yenyewe haina mkato lakini. Shahada ya sheria, halafu Law School, chuo cha mafunzo ya uwakili, mwaka mzima na huko watu wanafeli kweli kweli wanarudia, halafu kuapishwa. Darasani somo la mazingira mara nyingi ni la kuchagua, wengi wanalikimbia kwa sababu haliingizi hela haraka, na si waongo, mwanzoni niliishi kwa kusimamia mikataba ya upangaji na talaka. Ajira zipo NEMC, TFS (wakala wa misitu), halmashauri, na mashirika kama LEAT, wanasheria wa kutetea mazingira ambao wapo tangu 1994, nafasi chache waombaji wengi. Kampuni za ushauri nazo zinahitaji mwanasheria anayeweza kusoma ramani. Jifunzeni kusoma ramani jamani. Na someni kesi ya barabara ya Serengeti kule Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, shirika la kutetea wanyama la Kenya lilifungua mwaka 2010 kupinga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa hifadhi wanakopita nyumbu, hukumu ikatoka Juni 2014, lami ikazuiwa. Mwone mashahidi waliulizwa nini. Kesi kama ile inamtaka mtu anayejua nyumbu anatembeaje.

Turudi kwenye bidhaa, nimepotea.

Kuna faida moja ambayo haijaandikwa kwenye boksi. Darubini inaleta watu. Nilikuwa kwenye mto mmoja wa hapa mjini nyuma ya kiwanda fulani, naangalia bomba, mlinzi mtu mzima akanijia na rungu lake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwanangu, unamchungulia nani?"

Kwenye waya wa umeme palikuwa na mdiria, nikampa bainokula amuone. Ilimchukua muda kumpata, ikabidi nimshike bega nimgeuze, alivyompata akacheka peke yake. "Kumbe huyu ndo anayepiga kelele alfajiri." Akamwangalia mpaka ndege akaruka. Alivyonirudishia akasema kwa sauti ya chini, "Bomba hilo mchana halina kitu. Njoo saa tisa usiku lile gari linapokuja." Habari kama ile barua tatu za kuomba taarifa rasmi zisingeipata. Yaliyofuata ni kazi ya kawaida ya ofisi na afisa mazingira wa halmashauri, siwezi kuyasema hapa.

Ila tahadhari, si kila mlinzi ni yule. Usiitoe karibu na kambi ya jeshi, Ikulu, bandarini, uwanja wa ndege, hata kama pana ndege mzuri namna gani. Ukiwa mtaani usiielekeze kwenye nyumba za watu. Jitambulishe kwa mjumbe au serikali ya mtaa mapema, tembea na kitabu cha ndege mkononi, mtu akiona picha za ndege anapoa nusu.

Kasoro zake sasa, zipo. Kamba ya shingoni iliyokuja nayo ni nailoni nyembamba inakata shingo, nilimpeleka fundi viatu akanishonea ya ngozi pana kwa elfu nane. Vifuniko vya mbele vinachomoka, kimoja kimebaki Kunduchi kwenye tope. Wenye miwani mtapata shida kidogo, zile raba za macho zinashuka hatua moja tu na duara la picha halijai. Boksi limeandikwa haiingizi maji, mi sijaiamini, mvua ikianza naiweka ndani ya mfuko wa zipu. Na adui mkubwa wa pwani si mvua, ni unyevu, kuvu inaota ndani ya lenzi kama utando wa buibui na ikishaota ndo basi. Usiifungie kabatini ndani ya kifuko chake. Iweke kwenye chombo cha plastiki cha kufunga, na vile vipakti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, omba madukani wanavitupa tu. Ukitoka baharini futa chumvi kwa kitambaa kibichi kabla hujagusa vioo, chumvi ni mchanga, inachora.

Kuna wanaouliza si bora simu yenye zuum. Simu chukua kwa ajili ya picha, mahakama inapenda picha. Lakini simu ukiikuza sana inaanza kubuni, inajaza rangi ambayo haikuwepo, na unaona mahali padogo kwa jicho moja. Bainokula unaona eneo pana, unaona kipi kimesogea. Tumia zote mbili.

Kwa mwanafunzi laki na themanini ni hela ya kula mwezi, najua. Zipo 8x32 ndogo kwa laki moja au pungufu, nyepesi, jioni zinafifia kidogo tu, kwa kuanzia zinatosha kabisa ilmradi umepima vile viduara. Au changeni wawili watatu. Za mtumba kutoka Japani nazo huwa zinatokea kwenye maduka ya kamera za zamani, nzito lakini vioo safi, ukiipata isiyo na kuvu chukua bila kuuliza mara mbili.

Nyota nne kati ya tano. Ningetoa nne na nusu kama ile kamba ingekuwa ya maana na kama muuzaji asingekataa kunibadilishia kifuko ambacho zipu yake ilikufa siku ileile, "dada kifuko ni zawadi, zawadi haina waranti." Mwanasheria nikakosa hoja.